Asubuhi Mbonea Aliponiomba Radhi

Siku Mbonea Mrutu aliponiomba radhi, nilishika ukingo wa dirisha nisianguke.

Asiyemjua Mbonea atadhani nasimulia habari za mwanamume mwenye adabu zake, kwa hiyo nieleze. Mbonea ni Mpare wa Usangi. Mimi ni Mchaga wa Kilema, naitwa Eliakunda Mlay, na tangu nihamie hapa kwenye minara ya umeme wa upepo ya Same hatujawahi kusalimiana kama binadamu. Sisi ni watani. Akipita dirishani kwangu asubuhi kwenda kupanda mnara, namtukana. Yeye ananitukana zaidi. Kisha tunatakiana kazi njema. Ikitokea mmoja wetu hana tusi jipya, anajieleza kwa aibu kama mtu aliyekuja harusini mikono mitupu.

Asubuhi hiyo nilimtolea moja nililolilea wiki nzima.

"Mtani," nikamwambia, "nasikia kwenu Usangi mmepika makande mpaka mvuke wake umezuia mvua. Watu wa hali ya hewa wanaomba mfunike chungu."

Lughano, mwenzake wa kamba, Mnyakyusa mrefu asiyejua kucheka polepole, alicheka mpaka kofia ngumu ikamfunika macho. Mbonea hakucheka. Alinitazama kwa uso mkunjufu, uso wa mtu aliyelala vizuri na kuamkia chai ya maziwa. Akafikiri.

"Niwie radhi sana, dada Eliakunda," akasema. "Sikuwa na habari. Nitapiga simu nyumbani wafunike."

Lughano akapiga paja. "Kakumaliza! Mchaga leo kamalizwa kwa upole!"

Sikumalizwa. Niliogopa. Miaka yote hiyo nimekuwa Mchaga, nimekuwa mtani, nimekuwa binti wa mlima wenye upara, maana theluji ya Kilimanjaro iliisha tukiwa watoto na Wapare hawajachoka kutupa pole za kejeli. Leo nimekuwa dada!

*

Kazi yangu ni dirisha. Kibanda changu kiko mguuni mwa mnara tunaouita Bibi Harusi, kwa sababu upepo ukibadilika yeye ndiye anayegeuza shingo kwa maringo, wa mwisho kuliko wote. Ndani nina mashine iitwayo Kinusi. Mpandaji akipata kichangamsho huko mtaani, ananiletea kipande, nakilisha Kinusi, nampa majibu: hiki kitakupasua moyo, hiki ni sukari tupu, hiki sikijui usikiguse. Jina siandiki, sura siikumbuki, msimamizi haambiwi. Kanuni hiyo waliipigia kura wapandaji wenyewe, baada ya enzi zile ambapo majina yalikuwa yanapelekwa ofisini. Watu waliacha kuja dirishani, wakawa wanapimia vitu kwenye ndimi zao wenyewe. Tulizika.

Na vitu havikosekani. Mashine za kuchapa dawa zilipoletwa kwenye zahanati tulizipokea kwa vigelegele: mtoto ana homa, unabonyeza, kidonge kinatoka bado kina joto. Kisha za kwanza zikachakaa, zikauzwa kama vyuma chakavu, zikaishia kwenye vyumba vya uani. Wapishi wakaanza kazi. Sheria ikikataza molekuli yenye mkia, wanaukata mkia. Ikikataza isiyo na mkia, wanaipachika pembe. Waandika sheria wanakimbiza kuku, na kila kuku akikata kona anatokea bata.

Mimi fani hii nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza chuoni, mara ya pili kwa kuonja. Kichangamsho cha zama zetu kiliitwa Radi. Kiliniwezesha kusoma bila kusinzia, na kilipoondoka kiliondoka na hisia za vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto. Sina kinyongo nacho. Siku hizi naepua sufuria bila kitambaa, wageni wanadhani ni uchawi wa migombani.

Hiki kipya kinaitwa Kipupwe. Ni ngozi nyembamba kama ya kitunguu, unaiweka chini ya ulimi inayeyuka. Mbonea alikuwa ameniletea mapema wiki hiyo. Kinusi kikasema moyo salama, ini salama, molekuli haijawahi kuonekana. Nikamwambia angoje nikichunguze zaidi. Akaniita mwoga aliyelelewa chini ya kivuli cha ndizi, akaenda zake akicheka.

Na sasa alikuwa ameniita dada.

*

Kazi ya siku hiyo ilikuwa boliti. Moja ya zile kubwa zinazoshika shina la panga la Bibi Harusi ilikuwa imelegea, na mchana ulitarajiwa upepo mkali. Mama Nakijwa, msimamizi wetu, alikuwa amesimama uwanjani na saa yake kubwa ya kiume mkononi, akibishana kwa simu na watu wa hali ya hewa. Yeye ni Mpare wa Gonja, mama mzito wa maneno machache. Waliopangwa kupanda ni Mbonea na Lughano, kwenye kamba moja.

Nilifunga dirisha. Nilikuwa nimebakiza kipande cha Kipupwe kisichozidi ukucha.

Pembeni ya Kinusi kuna kisahani chenye seli za ubongo zilizooteshwa maabara, shamba dogo lenye upana wa kifungo cha shati. Hazifikiri, msije mkaniletea wachungaji. Ila zinazoea. Ukizigongea mdundo uleule, to, to, to, zinatulia, na mstari kwenye kioo unatulia nao. Ukichomeka ghafla ti, zinaruka. Mruko huo kila mmoja wetu anao kichwani. Ni kengele inayosema: hiki sicho nilichokitegemea, hebu tazama tena.

Niliyeyusha kile kipande, nikazitilia tone. To, to, to. Ti.

Mstari ukalala kama mkeka.

Nikagonga kijiko kwenye kikombe. Nikapiga mluzi. Nikaimba pambio la kwaya, na niliimba vibaya kwa makusudi, ingawa kwa sauti yangu sikuhitaji kujitahidi. Mkeka.

Hapo nikaelewa, na nikiri kwamba kwanza nilimvulia kofia mpishi. Radi ilikuwa inakuchapa mjeledi ukimbie. Kipupwe hakikuchapi. Kinakwenda pale kwenye kengele na kuifunga kitambaa, basi. Mwili unakula nguvu nyingi katika kushtukashtuka. Ukiacha kushtuka, uchovu unapungua, hofu inakwisha, na kila linalotokea linaonekana ndilo lililokuwa likingojewa. Mtu anakuwa na raha ya kweli. Hapandwi na presha wala halii kikiisha.

Lakini utani ni nini kama siyo mshtuko mdogo? Ulitegemea shikamoo, umepewa chungu cha makande. Asiyeshtuka hawezi kucheka. Hilo peke yake ningelimeza, dunia ina watu wengi wasiocheka na wanalipa kodi. Tatizo ni kwamba kulabu iliyofungwa kinyume nayo ni mshtuko mdogo. Kamba iliyoliwa na jua ni mshtuko mdogo. Mpandaji anaishi kwa kushtuka.

*

Nilimwita Mbonea nyuma ya kibanda, nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kunikatiza hata mara moja, jambo lililozidi kunitisha.

"Nimekuelewa," akasema. "Lakini dada, sijawahi kuwa vizuri hivi."

"Ndiyo ninachokwambia. Wewe huwezi kujua."

"Tangu lile panga la mnara linipitie juu ya kichwa mwaka jana, mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Unajua hilo?"

Nilikuwa sijui. Alikuwa amelificha ndani ya matusi yake yote.

"Nikimnywesha mwanangu uji, unamwagikia kifuani. Mke wangu, Namsifu, akawa ananipokonya kijiko. Ananipokonya kama vile mimi ni mtoto wa pili. Sasa namnywesha mwenyewe. Jana alinitapikia shingoni na niliona ni sawa tu, nikaendelea kuimba." Akatabasamu. "Unataka nirudishe tetemeko?"

Nikatazama juu, kule ilikokuwa ile boliti.

"Basi usipande leo," nikasema. "Leo tu."

"Zamu ni yangu."

"Niruhusu nimwambie Mama Nakijwa."

"Hapana. Dirisha ni dirisha." Alilisema kwa upole, bila kitisho, kama mtu anayekukumbusha kufunga geti.

Nikainamisha uso kwa aibu, na ndipo nikaona miguu yake. Buti la kushoto lilikuwa mguu wa kulia, la kulia mguu wa kushoto.

"Mbonea, viatu vinakubana?"

Akavitazama. Alivitazama vizuri kabisa.

"Kidogo," akasema. "Ni sawa tu." Akaenda zake, anatembea kama bata.

Nikabaki na ukuta wa kibanda. Nikimwambia msimamizi, Mbonea ananyang'anywa leseni ya kupanda. Hilo lingekuwa deni kati yangu na yeye, ningelilipa kwa kutukanwa maisha. Lakini dirisha nalo lingekufa siku hiyohiyo. Mwezi ujao wapishi wangetoa kitu chenye pembe, kinachosimamisha moyo, na hakuna mkono ambao ungeniletea. Nikinyamaza, watu wawili wanapanda kwa kamba moja, na mmoja wao kengele yake imefungwa kitambaa. Lughano hakuwa ametumia chochote. Kosa lake lilikuwa kufungwa kamba na rafiki yake.

Ndipo nilipouona mkanda wa kupandia wa Mbonea, umetundikwa kwenye msumari wake.

*

Utani una haki zake. Mtani akikuvua kofia, kofia ni yake mpaka uikomboe. Hata msibani mtani anaweza kulala njiani jeneza lisipite mpaka apewe kitu, na wafiwa watacheka huku wanalia. Unalipa, hukasiriki, husemi umeibiwa. Nikajiambia: nitauteka mkanda. Sitakuwa nimesema neno. Mbonea atalazimika kwenda kutafuta fidia, na mpaka arudi upepo utakuwa umefika, hakuna anayepanda.

Nikauvaa begani, nikasimama juu ya kizingiti.

"Jamani! Mkanda huu umetekwa na Wachaga! Fidia ni chungu cha makande, na kiwe kimeoshwa!"

Uwanja mzima ukashangilia. Wapandaji wakaacha spana zao wakasogea. Wote wakamtazama Mbonea, wakingoja apige kelele, atishie kuuhamisha mlima wetu, aahidi makande ya mwaka jana.

Mbonea alitembea moja kwa moja mpaka kwa Mama Nakijwa.

"Mama," akasema, "nimeibiwa mkanda. Naomba nimshtaki."

Nchi haikutosha kwa kicheko. Mtani gani asiyejua kwamba Wapare wanasingiziwa kupenda kesi? Nimewahi kumwambia Mbonea mwenyewe kwamba kwao mtoto anatambaa kuelekea mahakamani. Sasa Mpare ametaniwa, na badala ya kujibu amefungua kesi! Wote wakaamini wameona jibu bora kuliko yote yaliyowahi kutolewa chini ya Bibi Harusi. Lughano alikaa chini kabisa, mikono tumboni. Hakuna aliyeona mgonjwa. Waliona bingwa.

Mama Nakijwa alificha kicheko ndani ya kikohozi. Akapindua kreti, akaketi juu yake, akatazama saa.

"Baraza limeketi," akasema. "Kwa ufupi, upepo unakuja. Mshtaki, sema."

"Mkanda ni wangu. Ameuchukua bila idhini yangu."

"Ha!" watu wakasema.

"Nina kazi ya kufanya na siwezi kuifanya bila mkanda."

"Wakili huyo!"

"Sina ugomvi naye. Nautaka tu."

Kila sentensi iliyonyooka iliwaua upya. Mama Nakijwa akanigeukia. "Mshtakiwa?"

"Mheshimiwa, mshtaki ni mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini?"

Walikuwa wananingojea, midomo iko tayari kucheka. Neno moja tu lilitosha, nalo lilikuwa limekaa ulimini. Nikamwona Lughano anafuta machozi ya kicheko kwa mgongo wa mkono, kamba iko begani. Nyuma yake nikaona wapandaji wengine, na wawili au watatu walikuwa wanatabasamu tu, uso mkunjufu, wametulia sana. Hao hawakuwa wanacheka. Nikajua Mbonea hakuwa peke yake, na kwamba nikilitoa lile neno hao watatoweka mbele yangu kama panya mbele ya taa.

"Mgonjwa wa makande, mheshimiwa," nikasema.

Wakaangua kicheko.

"Hukumu," akasema Mama Nakijwa. "Mshtakiwa arudishe mkanda, na atoe mkungu wa ndizi kwa kupotezea baraza muda. Haraka."

Nikaingia kibandani. Mkanda nikautupa nyuma ya Kinusi. Kwenye kiti kulikuwa na kanga yangu nyekundu yenye korosho, ile ninayojifunika asubuhi za baridi. Nikaisokota. Nikatafuta kitu cha kuweka mahali pa kulabu, nikapata kibanio cha nguo, cha plastiki, cha kijani. Nikakibana.

Nikatoka nimeibeba kwa mikono miwili kama joho la askofu.

"Mheshimiwa, mkanda huu hapa."

Watu wakalia kwa raha. Mbonea akapokea. Akaizungusha kanga kiunoni, akapitisha ncha mapajani, akafunga. Akaikagua kama tulivyofundishwa: kiuno, mapaja, kulabu. Alipofika kwenye kulabu alikibonya kibanio, kikafunguka, akakiachia, kikajifunga.

"Sawa," akasema. "Asante, dada."

"Mbonea utatuua!" mtu akapiga kelele.

Akaenda kwenye ngazi. Lughano akamfuata akicheka, akipiga makofi. "Haya mtani wa watu, imetosha, umeshinda, vaa mkanda wako tuondoke."

Mbonea akabana kibanio kwenye waya wa usalama wa ngazi. Akaweka mguu kwenye kipago cha kwanza. Akapanda cha pili. Kibanio kilifyatuka, kikaanguka kwenye kokoto bila sauti ya maana. Alikitazama kikianguka, akapanda cha tatu.

Kicheko kilizimika kuanzia mbele kwenda nyuma, maana waliokuwa karibu ndio walioiona sura yake kwanza.

"Mbonea?" Lughano akaita.

"Twende, upepo unakuja."

"Mbonea, umevaa kanga."

Akainama akajitazama.

"Naona," akasema. "Ni sawa tu."

Lughano alimrukia kiunoni, akamshusha, wakaanguka wote wawili kwenye kokoto, na Lughano hakumwachia hata walipokwisha kuanguka. Alimkumbatia palepale chini, akawa anarudia jina lake. Mama Nakijwa alisimama. Kreti likapinduka nyuma yake.

*

Baadaye Mama Nakijwa alikuja dirishani peke yake.

"Amekula nini?"

"Mama, hapa ni dirishani."

"Nakuuliza kama msimamizi."

"Nami nakujibu kama dirisha. Nikikujibu kama Eliakunda, kesho hatapita mtu hapa."

Aliweka viganja vyake juu ya ukingo. Nikadhani atalivunja dirisha. Akamtazama Bibi Harusi anavyogeuza shingo taratibu kuusikiliza upepo.

"Leo hapandi mtu," akasema hatimaye. "Bibi Harusi afungwe breki, asimame. Mji utakosa umeme wake na watanipigia kelele. Wapige. Na huyo Mbonea..." Akakohoa kile kikohozi chake. "Nilichoona mimi ni Mpare aliyezidisha utani kazini. Adhabu yake ni kukaa chini mpaka niseme. Sijaona kingine."

"Asante, Mama."

"Usinishukuru. Ule mkungu wa ndizi nautaka."

Nikatoka, nikasimama pale kwenye kreti, nikawaeleza wapandaji wote habari ya kengele na kitambaa. Sikumtaja mtu, sikumtazama mtu. Nikarudi ndani, nikafungua dirisha, nikageuza kiti nikawapa mgongo.

Mikono ikaanza kuja. Mikono tu, nyuso zimegeuzwa pembeni. Kila mmoja uliacha ngozi ya kitunguu juu ya ukingo ukaondoka. Wa mwisho ulikuwa na saa kubwa ya kiume, na kipande ulichoacha kilikuwa kizima, hakijaguswa. Sura siikumbuki.

Nimejiuliza sana kuhusu siku ile. Kanuni sikuivunja. Sikusema jina, sikusema neno. Ila nilimvua mtu nguo mbele ya wenzake kisha nikamvika kanga, na sijui kama hiyo ni siri iliyotunzwa au ni siri iliyotolewa kwa njia ya mzunguko. Nikiwa na njaa naona nilikosea. Nikishiba naona Lughano bado ana miguu miwili.

Kitu kimoja kilibaki. Siku hizi hakuna anayepanda minara ya Same kabla ya kupita dirishani na kutaniwa. Anayejibu vizuri anapanda. Anayejibu vibaya anapanda huku anazomewa. Anayeomba radhi anakaa chini, na hakuna anayemuuliza kwa nini.

*

Kengele ya Mbonea ilirudi polepole. Namsifu alinieleza kwa simu: siku moja mumewe alishtuka paka alipopita, akashangilia mpaka majirani wakaja. Siku nyingine alikaa kimya mezani, halafu akacheka kwa jambo alilokuwa ameambiwa jana yake.

Alikuja asubuhi moja ya jua kali amebeba sufuria yenye mfuniko, na mfuniko ulikuwa unagonga, tikitiki tikitiki, kwa jinsi mikono yake ilivyotetemeka. Nilisikia ule mlio kabla sijamwona. Nikasogea dirishani.

Akaiweka sufuria ukingoni. Harufu ya makande ikaingia mpaka ndani ya Kinusi.

"Chungu kimeoshwa?" nikauliza.

Alinitazama. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo, nikajilaumu kwa nini sikuanza na salamu ya kawaida, ya watu wasiojuana.

"Kimeoshwa," akasema. "Nilikiosha kwa theluji ya mlima wenu. Ndiyo maana hakijatakata vizuri. Niliyopata ilikuwa kijiko kimoja."

Tulicheka. Yeye alianza nyuma yangu kidogo, kama mtu anayechelewa kuingia kwenye wimbo, lakini aliingia.

"Tetemeko limerudi," nikasema.

"Limerudi. Namsifu kanipokonya kijiko."

"Pole, Mbonea."

"Usinipe pole, Mchaga, nipe mkanda wangu."

"Unapanda?"

"Siku mikono ikinyamaza. Mama Nakijwa kanipa wageni niwafundishe kufunga kulabu. Anasema hakuna anayejua ubaya wa kibanio kuliko mimi." Akakwaruza ukingo wa dirisha kwa ukucha. "Ungeniomba kabla ya kunivika kanga."

"Nilikuomba. Ulikataa."

"Ndiyo. Ungeniomba tena."

Nikaenda nyuma ya Kinusi, nikautoa mkanda, nikampa. Aliupitisha mikononi polepole, mshono kwa mshono, akafika kwenye kulabu, akasita. Akaigeuza. Nilikuwa nimeifunga kinyume.

"Hii nani kaigeuza?" akafoka. "Mnataka kuua watu?"

Sijawahi kufurahi hivyo kufokewa.

"Na kanga yangu iko wapi?" nikamwuliza alipokuwa anaondoka.

"Kanga ipi? Ile imetekwa na Wapare. Mwanangu analalia. Fidia ni mkungu wa ndizi, na uwe umeiva, siyo ule wa kuahidi."

Akaenda zake kuwatafuta wageni wake, mkanda begani, mikono inatetemeka, anajibizana na kila aliyempigia kelele. Nikamtazama miguuni. Buti la kushoto, mguu wa kushoto. La kulia, mguu wa kulia.